Ushirika, Sadaka na Soko Huru

(Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Muungano)



Kamati Kuu imeipa Kamati ya Elimu heshima ya kunena katika siku hii ya kutimiza miaka kumi. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, za mashine ya kukamua mafuta, na za wazee walioketi chini ya mwembe kuandika majina ya wanachama wa kwanza, hatutayarudia. Sisi tumeona heri kuitumia nafasi yetu kwa jambo lisilo la sherehe, lakini litakaloamuliwa kwa mikono yenu kabla jua halijatua.

Katika karatasi ya mkutano wa mchana mna mapendekezo mawili. La kwanza lataka tuiombe Halmashauri itunge sheria ndogo, ili mkulima ye yote wa alizeti katika eneo letu asiuze ila kwa Muungano, na malori ya wanunuzi wengine yarudishwe getini. La pili lataka tupokee msaada wa wafadhili utakaolipa mishahara ya meneja na makarani kwa miaka mitatu. Yote mawili yameletwa kwa nia njema na watu tunaowaheshimu. Sisi tumeyatafakari kwa muda, na ili tusije tukasema kwa hasira za soko, tulikwenda kuwasoma watu ambao aghalabu hudhaniwa kuwa maadui wa ushirika, yaani watetezi wa uhuru wa mtu na wa soko huru.

Mafundisho yao kwa ufupi ni haya. Mtu ni mwenye nafsi yake na jasho lake. Anayo haki ya kupatana na amtakaye, kwa bei waliyoafikiana. Kazi ya Serikali ni kumzuia mwizi na mdanganyifu, na kuhakikisha kwamba aliyeahidi anatimiza. Mambo ya mahali yaamuliwe mahali pale, na watu wanaoyalipia. Maskini asaidiwe, lakini kwa hiari ya atoaye, wala si kwa amri. Katika hayo yako tunayoyakubali na yako tunayoyatilia shaka, lakini halipo hata moja linalokataza wakulima kuungana. Chama cha hiari, ambacho mtu huingia kwa mguu wake na kutoka kwa mguu wake, ni tunda la uhuru huo huo wanaousifu.

Frédéric Bastiat, Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1850, ni mmoja wa mabingwa wa soko huru ambao hadi leo wanatajwa sana. Yeye aliviandika kwa sifa vyama vya wafanyakazi vya kusaidiana katika ugonjwa. Aliona kwamba katika chama kidogo cha watu wanaojuana kila mmoja ni mlinzi wa mfuko, kwa maana anayejifanya mgonjwa anakula fedha za jirani yake, na jirani anamwona. Akaonya kwamba siku Serikali itakapouchukua mfuko ule na kuujaza kwa kodi, ulinzi huo utakufa. Hapatakuwa na mtu wa kuona haya, wala wa kumwonea haya. Ndugu wanachama, ni nani kati yetu asiyeujua ukweli huo katika chama chake cha kufa na kuzikana? Daftari likikaa kwa mama jirani, kila senti yajulikana ilikokwenda.

Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi wa Desemba mwaka wa 1844, hawakumwomba mtu awafungie maduka mengine ya mji. Waliuza unga, siagi na sukari kwa bei ya soko, kwa fedha taslimu na kwa kipimo cha haki, kisha faida wakaigawanya kwa kadiri mtu alivyonunua. Duka la jirani lilikuwa wazi mchana kutwa. Aliyewapenda alikuja, asiyewapenda alipita.

Katika Ujerumani jambo hili lilijadiliwa kwa ukali zaidi. Hermann Schulze, mtu wa mji wa Delitzsch, alikuwa hakimu na mwanasiasa wa mrengo wa uhuru. Tangu mwaka wa 1849 aliwakusanya maseremala na washona viatu wanunue mbao na ngozi kwa pamoja, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha mikopo. Ferdinand Lassalle akampinga: vijisenti vya maskini havitoshi, sharti Serikali itoe mtaji kwa vyama vya wafanyakazi. Schulze akajibu kwamba anayetoa mtaji ndiye atakayetoa amri. Lassalle hakuwa mpumbavu. Kwamba vijisenti havitoshi ni kweli, nasi twaijua kweli hiyo kila msimu wa kupanda. Lakini vyama vya Schulze vilidumu, na kizazi cha mabenki yake na ya wenzake kiko Ujerumani hata leo.

Zaidi ya wote tungependa kukaa kidogo na Friedrich Wilhelm Raiffeisen, kwa sababu habari yake yahusu sadaka, nayo si habari nyepesi. Raiffeisen hakuwa mtu wa falsafa za soko. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, na mkuu wa vijiji vya Weyerbusch, mahali pa wakulima wadogo. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1846 kuingia 1847 njaa iliwashika. Yeye akawakusanya wenye uwezo, wakatoa fedha, nafaka ikaletwa, tanuri la pamoja likajengwa, na mkate ukatolewa kwa bei nafuu na kwa mkopo kwa wasiokuwa na fedha mkononi. Watu wakapona. Msomaji wa habari hizi asiseme kwamba sadaka ni kitu duni. Mtoto mwenye njaa hangoji katiba ya chama iandikwe.

Mwaka wa 1849, akiwa Flammersfeld, alifanya chama kingine, matajiri wakiwa wadhamini, ili wakulima wapate ng'ombe bila ya kuingia mikononi mwa wakopeshaji wa riba kubwa. Kisha, mwaka wa 1854, Heddesdorf, akafanya chama cha hisani. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo lilimchukua miaka mingi kulikubali. Matajiri walichoka. Si kwamba walikuwa wabaya. Mtu anayetoa kila mwaka kwa ajili ya shida isiyo yake hufika mahali akasema, nimetoa ya kutosha. Na wapokeaji nao hawakuwa na sauti katika chama, kwa kuwa hakikuwa chao. Mwaka wa 1864 chama cha hisani kikageuzwa kuwa chama cha kukopeshana, na wanaokopa wakawa ndio wanachama, wakidhaminiana wao kwa wao kwa mali zao. Raiffeisen alipendelea hisani mpaka mwisho, na hakuiacha kwa sababu ya mabishano ya vitabuni. Mambo yenyewe ndiyo yaliyomfundisha.

Sasa na turudi nyumbani, maana sisi twaishi katika historia nyingine kidogo. Kwetu ushirika ulizaliwa na watu wenyewe, lakini ukalelewa na Serikali. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka wa 1925. Mwaka wa 1932 Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Vyama vya Ushirika kwa namna iliyokwisha kutumika India tangu mwaka wa 1904, ikiwa na Msajili mwenye madaraka makubwa. Na mwaka wa 1933 KNCU ikaanza kazi. Kisha ikaja amri kwamba kahawa ya Wachaga yote ipite katika chama hicho. Bei ya dunia wakati huo ilikuwa imeanguka. Mkulima aliyelipwa kidogo hakuwa na mnunuzi wa pili wa kulinganisha naye, basi akaamini kwamba anayemnyonya ni chama chake mwenyewe. Mwaka wa 1937 zikazuka ghasia, na majengo ya vyama vya msingi yakashambuliwa na watu wale wale ambao kwa ajili yao yalijengwa. KNCU ilipona, ikastawi, ikawa fahari ya nchi. Lakini twauliza, ingalifika katika ghasia zile kama mlango wa kutokea ungalikuwa wazi?

Usukumani na Ukerewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliwashuku wanunuzi kwamba mizani yao inaiba. Walichofanya kwanza ni kuweka watu wao wa kupima, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla hajaifikisha kwa mnunuzi. Hebu tazameni uzuri wa jambo hilo. Hakufukuzwa mtu sokoni, wala haikuombwa sheria. Ukweli wa kilo ulitosha kumtia mnunuzi adabu. Kutokana na juhudi hizo ukaja mwaka wa 1955 muungano mkuu wa Victoria, VFCU, ukiongozwa na Paul Bomani, ambao ulikua haraka sana. Baadaye vyama hivyo vikapewa haki ya kununua pamba peke yao. Mwaka wa 1966 Rais Nyerere aliteua Kamati Maalumu kuchunguza malalamiko ya wanachama wa vyama vya ushirika nchini, nayo ikakuta uhaba wa watu wenye ujuzi, wanachama wasioelewa mambo ya chama chao, demokrasia dhaifu katika vyama vikuu, na siasa kuingilia kazi.

Miaka kumi baadaye, na sisi leo twatimiza kumi, yaani mwezi wa Mei 1976, vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Ilipofika mwaka wa 1982 sheria mpya ikaviruhusu virudi. Hatuyasemi haya ili kumlaumu mtu aliyekwisha kulala kaburini. Twasema tu kwamba chama kilichozoea kupata wateja kwa amri hakikuwa na la kujibu amri nyingine ilipokuja kukifuta. Wanachama hawakuandamana. Wengi walitazama ghala likibadilishwa kibao cha mlangoni, wakaenda shambani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa korosho. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala, katika mnada wa chama chao, walizikataa bei za wanunuzi. Hiyo ilikuwa haki yao kamili, na hata mtetezi mkali wa soko huru angewapigia makofi, maana soko ambalo muuzaji hawezi kusema hapana si soko. Mwezi uliofuata Serikali iliwaondoa wanunuzi binafsi, ikatangaza kununua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuyabeba mazao. Bei ilikuwa nzuri kuliko zilizokataliwa. Lakini wako wakulima waliongojea fedha zao kwa miezi mingi, na bei nzuri isiyolipwa hainunui bati.

Basi tuje kwenye lori letu la usiku. Waungaji mkono wa pendekezo la kwanza wanazo hoja mbili zenye nguvu, nazo hatuwezi kuzipita kwa kejeli. Ya kwanza ni kwamba mashine ya kukamua inahitaji mzigo. Gharama za umeme, mlinzi na fundi ni zile zile, ukileta magunia mengi au machache. Ya pili ni kwamba wako wanachama waliochukua mbegu na mbolea kwa mkopo wa Muungano, kisha wakauza kwa lori ili kulikimbia deni. Hili la pili linawaumiza waaminifu, maana deni la mmoja hulipwa na wote.

Lakini tuyatenganishe mambo mawili ambayo pendekezo limeyafunga kamba moja. Mtu aliyechukua mbegu na kuweka sahihi kwamba atalipa kwa alizeti, kisha akaiuza kwingine, hakutumia uhuru wa soko. Amevunja mapatano. Watetezi wa soko huru ndio wa kwanza kusema kwamba huyo adaiwe mpaka alipe, kwa njia ya mabaraza na mahakama zilizopo. Kwa hiyo twashauri kila mkopo wa mbegu uwe na mkataba unaotaja idadi ya magunia ya kulipia deni hilo tu. Magunia hayo ni ya Muungano. Yaliyobaki ni ya mkulima, na akitaka kuyakaanga ayakaange. Kumfungia geti bibi mmoja ambaye hakukopa hata punje, kwa sababu ya deni la mtu mwingine, hakuna sheria ya haki inayokubali.

Na huyu asiyedaiwa, kwa nini anaamka saa nane za usiku kumfuata mtu mwenye lori, ambaye mara nyingi bei yake ni ya chini kuliko yetu? Kamati ya Elimu ilizunguka vijijini ikiuliza. Jibu halikuwa bei. Mwenye lori analipa pale pale. Muungano unatoa malipo ya kwanza, kisha malipo ya pili baada ya mafuta kuuzwa. Na mwenye mgonjwa hospitalini, au mwenye fundi aliyekwisha kupanda darini, hawezi kumwambia angoje malipo ya pili. Mtu huyo hakosi akili wala uzalendo. Anajua jambo moja ambalo karani wetu hawezi kulijua, nalo ni haja ya nyumba yake juma hili. Friedrich Hayek aliandika mwaka wa 1945 kwamba maarifa ya namna hiyo yametawanyika katika vichwa vya watu wote, wala hakuna ofisi inayoweza kuyakusanya. Bei na hiari ya kuuza ndizo zinazoyapeleka yanakohitajika. Geti litamzuia lori, lakini halitamponya mgonjwa wala kumlipa fundi. Tukitaka kulishinda lori, dirisha la kulipia liwe wazi siku ya kupima, hata kama kwa baadhi ya magunia tutanunua moja kwa moja bila ahadi ya malipo ya pili. Mkulima achague.

Liko jambo ambalo hapa tunaachana na wale watetezi wa soko walio wakali mno, wasemao Serikali isitie mguu sokoni kabisa. Nani asiyeijua lumbesa? Gunia linashonewa kofia, linajazwa mpaka linakuwa na kichwa na shingo, kisha linanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Mnunuzi atasema ni mapatano ya hiari. Sisi twasema hayo si mapatano, kwa kuwa upande mmoja haujui unauza kiasi gani. Kilo ni ukweli, na ukweli wapaswa kulindwa na sheria; Wakala wa Vipimo unapokagua mizani hauingilii soko, bali unalifanya liwepo. Kwa hiyo tuiombe Halmashauri kitu hicho: mizani iliyokaguliwa katika kila kituo, ya Muungano na ya mwenye lori vile vile, na ubao wa bei unaosomeka kutoka barabarani.

Na kwa kuwa tumeitaja Halmashauri, neno moja juu ya siasa za mahali. Wapenda uhuru husema utawala wa karibu ni bora kuliko wa mbali, kwa kuwa diwani anaulizwa njiani, akitoka dukani. Hiyo ni kweli nusu. Utawala wa karibu nao waweza kuwa mzito. Ushuru wa mazao ulikuwa mzigo kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa 2017 sheria ikaupunguza hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Geti likiisha kujengwa kwa ajili ya kutukinga sisi, litakuwa na mlinzi, mlinzi atakuwa na kitabu cha risiti, na kitabu hicho hakitauliza kama gunia ni la lori au la mwanachama anayempelekea mkwewe mafuta. Halmashauri ikibadilika baada ya uchaguzi, huenda ikampa funguo mnunuzi mwingine. Hatumshuku diwani ye yote aliyeketi nasi leo. Twazungumza juu ya kiti, ambacho kitakaliwa na wengi.

Kuhusu pendekezo la pili tutakuwa wafupi, maana Raiffeisen amekwisha kutusemea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na msaada ni mgeni. Msaada wa kununua mizani, au wa kumpeleka kijana wetu Moshi akasome uhasibu katika Chuo Kikuu cha Ushirika, huja, hufanya kazi, huondoka na kuacha kitu. Mshahara wa meneja ni mambo mengine. Meneja anayelipwa na mfadhili ataandika taarifa nzuri kwa mfadhili. Na mwaka wa nne, mfadhili akiisha kuondoka, tutakuwa na mshahara ambao hatukuupima kwa magunia yetu. Wafadhili wenyewe ni waungwana, na tungependa waambiwe hivyo kwa shukrani, pamoja na orodha ya mizani tunayoihitaji.

Wako watakaosema kwamba kwa njia hii twaweza kupoteza wanachama. Twaweza. Msimu ukiwa mbaya, na malori yakaja na fedha nyingi, ghala letu laweza kubaki nusu, na Kamati Kuu italazimika kueleza mbele yenu ni kwa nini. Twaona afadhali taabu hiyo, ambayo yaonekana kwa macho na yaweza kurekebishwa msimu ujao, kuliko ghala lililojaa magunia ya watu wenye kinyongo.

Nakala ya mkataba wa mbegu tulioupendekeza iko mezani kwa Katibu, pamoja na hesabu ya fedha zitakazohitajika ili dirisha la malipo liwe wazi siku ya kupima. Hesabu hiyo si ndogo. Inataka kila mwanachama aongeze hisa yake kabla ya msimu, na wengine mtaona ni nzito. Tunaomba kila chama cha msingi kimtume mtu mmoja aisome wakati wa chakula, ili kura itakapopigwa kila mtu awe amekwisha kuijua gharama yake.